Kila Mmoja na Kafi Lake

Tuanze kwa kukiri kosa letu wenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita, tulipokuwa tukifundisha katika shule moja kando ya ziwa la Kivu, tuliwapeleka wanafunzi wa darasa la sita matembezini kwa mitumbwi, mpaka kisiwa kidogo kilicho karibu. Siku hiyo ilikuwa imengojewa muda mrefu. Mama zao waliamka usiku kupika mihogo na kukaanga samaki, na watoto walifika shuleni kabla ya jua. Katika darasa hilo alikuwamo mvulana mmoja, mwana wa wavuvi, ambaye ugonjwa wa polio ulimnyausha mguu wa kushoto tangu utotoni, naye alitembea kwa magongo mawili. Tulipofika ufukoni tulimwita kando, tukamwambia kwa sauti ya upole: "Mwanangu, wewe utabaki hapa kutulindia viatu na mifuko. Maji ni hatari kwako." Akajibu: "Ndiyo, Mwalimu," akaketi juu ya jiwe.

Jioni tuliporudi tulivikuta viatu vya wenzake wote vimepangwa jozi kwa jozi, kila jozi mbele ya mfuko wa mwenyewe. Hakunung'unika hata kidogo. Aliuliza neno moja tu: "Mwalimu, kule katikati maji yalikuwa na rangi gani leo?"

Wakati ule tulijiona kuwa tumetenda kwa busara na kwa huruma. Lakini swali lile halikutuacha. Usiku tulijiuliza: Je, nani alituambia kwamba maji ni hatari kwake kuliko kwa wengine? Tulimjaribu? Tulimwuliza? La. Tuliutazama mguu wake tu, tukakata shauri.

Tangu siku ile tumekuwa tukitafuta habari za watu ambao kazi yao ni kuwaongoza vijana porini na majini kwa mtumbwi na kafi, wenye viungo vizima na wenye ulemavu pamoja, wa mjini na wa shamba, maskini na wenye mali, bila kumwacha hata mmoja ufukoni. Kazi hiyo haijulikani sana kwetu, nayo ina mafunzo kwa kila mzazi na kila mwalimu. Ili kuieleza vema yatubidi twende mbali, hata Marekani, katika jimbo la Minnesota. Kwani huko swali lililotusumbua sisi ufukoni lilipata kusemwa mbele ya Bunge la nchi nzima.

Maji ya mpakani

Kaskazini mwa Minnesota, mpakani na nchi ya Kanada, kuna pori kubwa la misonobari, majabali na maziwa, liitwalo Boundary Waters, yaani Maji ya Mpakani. Ukubwa wake wapata kilometa za mraba 4,400, na maziwa yake yapita 1,100. Maziwa hayo yamekaa karibu karibu kama shanga katika uzi, hata msafiri aweza kutoka katika moja na kuingia katika jingine kwa siku nyingi asiione barabara. Wenyeji wa nchi hiyo, Waojibwe, walisafiri humo tangu zamani kwa mitumbwi myepesi iliyotengenezwa kwa magome ya miti. Baadaye wakaja wachukuzi wa Kanada wenye asili ya Ufaransa, waliofanya biashara ya ngozi za wanyama. Nao wakajifunza mtumbwi huo kwa wenyeji, wakapeleka mizigo yao mbali sana kwa nguvu za mikono tu.

Mahali ziwa moja linapokwisha, msafiri hushuka, huugeuza mtumbwi kichwa chini na kujitwika mabegani, akaupeleka kwa miguu mpaka ziwa la pili. Mpaka leo urefu wa njia hizo za nchi kavu hupimwa kwa kipimo cha zamani kiitwacho rodi, ambacho ni mita tano hivi, yaani karibu urefu wa mtumbwi mmoja. Njia hizo hazikutandazwa saruji wala changarawe: zina mizizi, matope na majabali.

Mwaka 1964 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuhifadhi mapori, likaamuru kwamba katika mapori yaliyotajwa kusiwe na barabara, wala majumba, wala vyombo vya injini. Boundary Waters ilihesabiwa miongoni mwa mapori hayo, lakini kwa ruhusa ya pekee mashua za mota ziliendelea kupita katika sehemu zake. Basi miaka kumi na zaidi baadaye ugomvi ukawaka. Wengine walitaka mota ziondolewe, pori lipate kimya chake; wengine walitaka zibaki, kwa ajili ya biashara zao na uvuvi wao. Kila upande ulikuwa na wasemaji wake, na maneno yakafika Bungeni.

Waliotajwa hawakuulizwa

Katika ugomvi huo ilitolewa hoja moja iliyogusa mioyo ya watu. Ilisemwa kwamba mota zikikatazwa, wenye ulemavu, wazee na wanawake hawataweza tena kuingia porini. Kwa hiyo kuzikataza ni kuwabagua wanyonge. Hoja hiyo ilivaa vazi la huruma, tena huenda baadhi ya walioitoa walikuwa na huruma ya kweli, kama sisi tulivyokuwa nayo siku ile ya matembezi. Lakini ilikuwa na kasoro moja: wenye ulemavu walisemewa na wengine. Kila mtu alijua wasichoweza, na hakuna aliyejisumbua kuwapa kafi mkononi ili ionekane.

Kijana mmoja wa Minnesota, Greg Lais, mpenzi wa safari za mitumbwi, aliona kwamba njia ya kujibu neno kama hilo si kubishana, bali kujaribu. Mwaka 1977 ikafanywa safari katika Boundary Waters, na waliokwenda walikuwa wa namna mbalimbali: kati yao walikuwamo watu wawili waliotumia viti vya magurudumu na watu wawili wasiosikia. Walipiga kafi katika maziwa yaleyale, walipita katika njia zilezile za mizizi na matope, wakarudi na habari ya kusimulia. Mwaka uliofuata, 1978, Greg Lais pamoja na rafiki yake Paul Schurke wakaanzisha shirika liitwalo Wilderness Inquiry, katika mji wa Minneapolis, kwa kusudi la kuwapeleka watu wa kila hali porini pamoja. Mwaka huohuo, mwezi wa Oktoba, Rais Jimmy Carter alitia sahihi sheria mpya ya Boundary Waters, na mota zikapunguzwa sana.

Hatusemi kwamba safari ya watu wachache ndiyo iliyoamua sheria. Sheria hiyo ilikuwa na sababu nyingi na watetezi wengi. Twasema kwamba safari ile ilivunja nguvu ya neno moja, neno "hawawezi," kwa kuwa walioambiwa hawawezi walikuwa wamekwenda na kurudi.

Tena wasomaji wetu wasidhani kwamba jambo jipya lilikuwa kuwachukua wenye ulemavu porini. Mtu mwenye nguvu aweza kumbeba mwenzake popote, naye atabaki mzigo. Jambo jipya lilikuwa kuwahesabu kati ya wasafiri. Asiyeweza kutembea aliweza kupiga kafi. Asiyesikia aliweza kuona miamba iliyojificha chini ya maji. Na kila mmoja aliyekuwa na viungo vizima aligundua, kabla ya siku ya tatu, jambo asiloliweza yeye mwenyewe. Kwani pori halina upendeleo, humchosha kila mtu kwa zamu yake.

Ushuhuda wa wenyewe

Mwaka 1990 ilipitishwa Marekani sheria kubwa ya haki za watu wenye ulemavu. Ndani yake kimo kifungu kinachohusu mapori. Kifungu hicho chasema kwamba mtu ambaye ulemavu wake wamlazimu kutumia kiti cha magurudumu hawezi kukatazwa kuingia nacho katika pori lililohifadhiwa, ijapokuwa vyombo vingine vya magurudumu vimekatazwa humo. Lakini chasema pia kwamba serikali hailazimishwi kujenga barabara wala kuligeuza pori kwa ajili hiyo. Mlango umefunguliwa, na pori limebaki pori.

Je, wenyewe waliridhika? Safari hii waliulizwa. Sheria iliagiza uchunguzi ufanywe, na taarifa yake ikatolewa mwaka 1992. Katika wenye ulemavu waliohojiwa, 76 kwa mia walisema kwamba katazo la injini katika mapori haliwapunguzii furaha ya pori. Hawakuomba pori lilainishwe. Waliomba njia ya kulifikia, na watu wa kwenda nao.

Miaka mingi kabla ya hapo, mwaka 1972, Mmarekani mmoja jina lake Robert Perske aliandika juu ya jambo aliloliita heshima ya kuthubutu. Maana yake ni hii: mtu akizuiliwa kila hatari, amezuiliwa pia ukubwa wake. Mtoto asiyepata kujikwaa hawezi kujua kuinuka. Wazazi wa watoto wenye ulemavu wanalijua jaribu hili kuliko mtu ye yote: upendo wao wenyewe huweza kuwa ukuta. Twawaheshimu kwa ulinzi wao. Twawasihi tu waache mlango katika ukuta huo.

Kazi ya kiongozi

Sasa tueleze kazi yenyewe inavyofanywa, kwa kuwa nia njema bila ufundi huweza kumzamisha mtu.

Kazi ya kiongozi huanza siku nyingi kabla ya safari, nayo huanza kwa maswali. Humwuliza kila kijana, na si mzazi wake peke yake: Waweza kufanya nini kwa mikono yako? Wapenda kuinuliwa namna gani, na kushikwa wapi? Watumia dawa zipi? Waogopa nini? Wataka kujifunza nini? Majibu huandikwa, kwa maana kiongozi asiyejua kwamba mmoja ana kifafa, au kwamba mwingine hana hisia miguuni, atakuwa mlinzi asiye na macho.

Halafu huja kazi ya nchi kavu. Vijana hufundishwa kushika kafi wakiwa wamekaa kwenye nyasi, kabla ya kuyagusa maji. Asiyeweza kufumba vidole hutengenezewa mshiko mnene kwa kuuzungushia mpini kitambaa au sifongo, au hupewa kifundo laini kinachoushika mkono lakini kinachoachia mara moja akivuta. Asiyeweza kusawazisha kiwiliwili huwekewa kiti cha chini chenye egemeo la mgongo, karibu na sakafu ya mtumbwi, ili uzito ukae chini na mtumbwi usiyumbe. Asiyehisi miguu huwekewa godoro dogo na kukaguliwa ngozi mara kwa mara. Kwani aweza kuchubuka, au kuunguzwa na jua, au kuganda kwa baridi, asijue.

Kanuni moja ni kubwa kuliko zote: mtu asifungwe katika mtumbwi. Kamba inayomshika asianguke ndiyo itakayomshika chini ya maji siku mtumbwi utakapopinduka. Kila egemeo na kila mshiko sharti umwachie mtu atoke bila msaada, naye afanye jaribio hilo katika maji mafupi, kiongozi akiwa amesimama ubavuni mwake, kabla ya kwenda kwenye kina.

Kwa asiyeona, mwenzake wa mtumbwi huwa macho yake: humwambia pepo zinatoka wapi, na humwonyesha pande kwa mfano wa saa, akisema mwamba uko saa mbili, ufuko uko saa tisa. Kwa asiyesikia, ishara hupatanwa ufukoni: kafi likiinuliwa juu ya kichwa likiwa limelala maana yake ni kusimama, likielekezwa upande maana yake ni kufuata upande huo, na ubavu wa mtumbwi ukigongwa, mtikisiko wenyewe utamfanya ageuke. Ishara hizo hufundishwa wote, si yeye peke yake. Mwisho wa safari hata wenye kusikia huzungumza kwa mikono toka mtumbwi hadi mtumbwi, wala upepo hauwazuii.

Chama cha Mitumbwi cha Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1880, kilitoa mwaka 1990 kitabu cha mafundisho kwa walimu wa kazi hii, kilichoandikwa na Anne Wortham Webre na Janet Zeller. Na mwaka 2016, huko Rio de Janeiro, mashindano ya kupiga kafi yaliingizwa kwa mara ya kwanza katika michezo ya Paralimpiki, wanamochezea wenye ulemavu wa dunia nzima. Basi asiseme mtu kwamba haya ni mambo ya kubahatisha. Ni ufundi wenye vitabu na walimu wake.

Lakini ufundi mgumu kuliko yote hauandikwi kwa urahisi. Jioni kambini kuna haja za mwili: mtu wa kusaidiwa kuvaa, mtu wa kupelekwa faragha. Kiongozi hufanya kazi hizo bila kukunja uso na bila kuzisimulia, naye hutundika turubai mitini ili mwenzake asionekane. Tena hujizuia kusifu kupita kiasi. Kijana aliyepiga kafi kilometa mbili kama wenzake, akashangiliwa peke yake kama aliyefufuka, hujua upesi kwamba kwa macho ya watu yeye bado si mwenzao. Mpe kazi ya kweli: mmoja asome ramani, mmoja apike, mmoja ahesabu watu na mizigo kila mnapotua. Katika Boundary Waters kikundi hakiruhusiwi kupita watu tisa na vyombo vinne. Na katika watu tisa hakuna nafasi ya mtazamaji.

Anayetaka kazi hii na asiingie kwa kutafuta mali. Ni kazi ya msimu, hulaza watu hemani kwa majuma mengi, na mshahara wake si mkubwa. Sharti ajue kuogelea na kuokoa. Huko Marekani viongozi wengi hutakiwa pia kusoma masomo ya kutibu majeraha mbali na hospitali, ambayo huchukua saa 70 mpaka 80. Na juu ya hayo yote awe mtu mwenye saburi, anayeweza kungoja dakika kumi mwenzake afunge kifungo mwenyewe, wakati yeye angaliweza kukifunga kwa dakika moja.

Mto ulio karibu, watoto walio mbali

Ulemavu sio ukuta pekee unaowazuia vijana wasifike majini. Katika miji mingi ya Marekani, hata miaka ya 1950, watu weusi walikatazwa kuogelea katika mabwawa ya watu weupe. Mzazi aliyekatazwa maji hakujifunza kuogelea. Asiyejua kuogelea aliwaogopesha watoto wake. Na hofu hiyo ikawa urithi. Sheria za kubagua zilifutwa, lakini hofu haifutwi kwa sheria.

Mto mkubwa wa Mississippi hupita katikati ya miji ya Minneapolis na Saint Paul. Tangu mwaka 1988 sehemu yake ya kilometa 116 hivi imehifadhiwa na serikali ya nchi. Hata hivyo walikuwapo watoto wengi wa miji hiyo waliouvuka kila siku juu ya daraja bila kupata kuyagusa maji yake. Mwaka 2010 shirika lilelile la Wilderness Inquiry, pamoja na walinzi wa mto huo, lilianza kuwapeleka watoto wa shule mtoni. Lilitengeneza mitumbwi mikubwa ya mbao nyepesi za mwerezi, yenye urefu wa mita saba na zaidi, kwa mfano wa ile ya wachukuzi wa zamani. Katika kila mtumbwi huketi watu kumi. Baadaye mitumbwi hiyo ilipakiwa juu ya magari, ikapelekwa hata katika miji mingine ya Marekani.

Mtumbwi wa watu kumi una hekima yake. Ni mpana, haupinduki kwa urahisi. Aliye dhaifu huketi kati ya wenye nguvu, na asiyejua huiga aliye mbele yake. Lakini hauendi sawasawa mpaka wote wapige kafi kwa mwendo mmoja. Mwenye nguvu akikimbilia mbele peke yake, huugonganisha mpini wake na wa jirani. Ndipo mwalimu huwafundisha hesabu na sayansi humohumo: kupima joto la maji, kuchunguza usafi wake, kutaja ndege na miti. Somo lililochosha ubaoni huamka mtoni.

Maji hayana mchezo

Twaandika haya tukijua ni wapi yanasomwa. Sisi tunaokaa kando ya Kivu hatujasahau tarehe 3 Oktoba mwaka 2024, mashua iliyojaa watu kutoka Minova ilipozama karibu na bandari ya Kituku, mjini Goma, mbele ya macho ya waliokuwa wakiingoja. Watu wengi walipotea siku ile. Basi mtu akituambia kwamba kuwapeleka watoto majini ni jambo la kuogopa, hatumcheki. Twamjibu kwamba hofu ni mwalimu mzuri ikitufundisha kujiandaa, na ni mwalimu mbaya ikitufundisha kuchagua nani aachwe.

Kanuni za maji ni zilezile kwa mtu mwenye miguu miwili na kwa mwenye magongo. Kila mtu avae jaketi la kuokolea, limefungwa barabara, tangu ufukoni mpaka ufukoni; jaketi lililokaliwa kama mto halimwokoi mtu. Chombo kisipakiwe kupita uwezo wake. Anga ikigeuka nyeusi, safari iahirishwe, hata kama samaki wamekwisha kukaangwa. Mitumbwi ikae karibu karibu na isiuache ufuko mbali. Na watu wahesabiwe kila wanapotua. Huko kaskazini, ambako maji ni baridi kama barafu wakati wa masika yao, hufundishwa kwamba aliyeanguka ana dakika moja ya kutuliza pumzi yake, dakika kumi za kutumia mikono yake kabla haijafa ganzi, na saa moja hivi kabla ya kupotewa na fahamu. Ziwa letu halina baridi ya namna hiyo, lakini lina dhoruba zake, na lina kina.

Shule au parokia isiyo na majaketi ya kutosha isiende majini. Iende mlimani, au bondeni, au ikae ufukoni na kujifunza kuogelea kwanza. Lakini ikienda, iende nzima. Vijana wa Xaveri na maskauti wetu, mnaojua kupanga kambi na kuwasha moto, kazi hii yawafaa ninyi kuliko wengine.

Jibu tulilolipata

Yatubaki kumaliza habari tuliyoianza.

Miaka miwili baada ya matembezi yale, asubuhi moja yenye ukungu, tulikuwa tumesimama gatini tukingoja mashua. Mtumbwi wa wavuvi ukatokea, watu watatu ndani, wakirudi na dagaa za usiku. Aliyeketi nyuma, mwenye kuushika mwendo na kuuongoza, alikuwa yule mvulana wetu. Magongo yake yalikuwa yamelazwa chini kando ya wavu. Mabega yake, yaliyochukua uzito wa mwili wake kwa miaka yote ile ya magongo, yalikuwa mapana kuliko ya wenzake wawili, na kafi lake liliingia majini bila kurusha tone.

Akatuamkia kwa adabu kama zamani. Tukamwuliza: "Mwanangu, kupiga kafi umejifunza lini?"

"Nilijua tangu nina miaka saba, Mwalimu. Baba alinifundisha."

"Basi siku ile ya kisiwani, mbona hukusema?"

Akainamisha kichwa, akakung'uta maji katika kafi. "Mwalimu hakuniuliza," akasema.

Hatukuwa na neno la kumjibu, wala hatunalo leo, isipokuwa hili tunalowaandikia ninyi. Walimu wenzetu, matembezi yenu yajayo yakiwa bado kupangwa, msianze kwa kuhesabu mitumbwi. Mwendeeni kwanza yule mliyekwisha kumwazia kazi ya kulinda viatu, keti naye, mwulizeni awezalo na atakalo. Wazazi, mleteni shuleni yule mnayemficha nyumbani siku ya matembezi. Nanyi wanafunzi, mwalimu akisahau kumwuliza mwenzenu, mkumbusheni kwa heshima. Sisi hatukuwa na mwanafunzi wa kutukumbusha siku ile. Wote thelathini na zaidi walikuwa wamekwisha kuingia mitumbwini.